Kikohozi cha Gari la Mheshimiwa Shomvi

Ninyi mnaoishi katika nchi zisizo na kasoro mtaniwia radhi, maana haya ninayoyasimulia yametokea kwetu tu, na kwenu hayawezi kutokea. Nchi yetu kwa sasa haina jina. Kamati iliyoundwa kulichagua bado haijaelewana juu ya posho ya vikao, kwa hiyo tukiitwa "ninyi hapo" tunaitika, na maisha yanaendelea.

Mimi ni Afisa Itifaki katika Wizara ya Utulivu. Namfungulia Waziri mlango, nambebea mkoba, na namweleza nani alisimama alipopita na nani alibaki amekaa. Waziri wangu ni Mheshimiwa Shomvi Makata. Tulisoma darasa moja, tukakalia dawati moja, na leo yeye ana nyumba ya ghorofa upande wa kulia wa barabara, mimi nina kibanda cha udongo upande wa kushoto. Wakati wa bomoabomoa kibanda changu kiliachwa makusudi, ili wageni kutoka nje wakipita waone kwamba viongozi wetu wanaishi pamoja na wananchi. Watu wa mtaani husema nina wivu. Sina. Ningekuwa na wivu ningekufa zamani, kwa jinsi kibaraza changu kinavyotazamana na sebule yake.

Hata habari ya mkewe, Bi Sikudhani, sina kinyongo nayo. Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumwona. Shomvi alikuwa wa kwanza kusikika, kwa sababu alipeleka posa na tarumbeta, na mimi nilimtuma shangazi yangu, mwanamke mwenye sauti ndogo. Tangu siku hiyo Sikudhani ananiita shemeji. Ni neno zuri tu na nimelizoea.

Lakini hamtaelewa yaliyotupata bila kwanza kuelezwa habari za Kikohozi.

Baba wa Mwanzo, aliyetutoa mikononi mwa wageni na kututia mkononi mwake, alikuwa na kifua kibovu. Kabla ya kila hotuba redioni alikohoa mara mbili kwa kifupi, halafu akajisafisha koo kwa kirefu, sauti nzito ikitoka chini kabisa, kama gunia la chumvi linaloburutwa kwenye sakafu. Watu wakazoea kwamba baada ya sauti hiyo yanafuata maneno makubwa, na wengine wakaanza kusimama. Kusimama kukawa desturi, desturi ikawa sheria. Shuleni tulifundishwa kabla ya herufi: ukisikia Kikohozi unasimama wima, mikono mapajani, macho mbele, na hutikisiki mpaka koo liishe. Waliobaki wamekaa walichukuliwa kwenda kuelimishwa, na waliporudi walikuwa wamesimama tayari.

Baba wa Mwanzo akafariki kwa kifua hichohicho. Sheria haikufutwa, kwa sababu wa kuifuta angelazimika kutamka hadharani kwamba Kikohozi kimekufa, na hakutokea mwenye mke na watoto aliyejitolea. Mrithi wake tunamwita Mwendelezaji Mkuu. Ni kiongozi mpole mwenye sauti nyembamba, sauti ambayo ingefaa sana kubembelezea mtoto, nami nalisema hili kwa mapenzi. Naye tunamsimamia, ila mpaka tumwone. Tukimsikia tu huwa hatuna uhakika.

Sasa twende kwenye magari.

Nchi yetu ina barabara moja ya lami isiyo na mashimo. Inatoka uwanja wa ndege, inapita mtaa wetu wa mawaziri, inaishia kwenye lango la Kasri. Barabara nyingine ziko kwenye ripoti. Sheria inakataza waziri kuwa na gari refu kuliko la Mwendelezaji, au jipya kuliko lake, au lenye bendera kubwa kuliko yake, kwa hiyo mawaziri walikuwa hawana pa kushindania. Aliyewafumbua macho ni Mheshimiwa Lugendo, Waziri wa Barabara, ambaye aligundua kwamba sheria haikusema lolote kuhusu mlio.

Lugendo aliagiza gari la mbio, jekundu, la viti viwili, limekaa chini kiasi kwamba lazima upige magoti ndipo uingie. Akalipeleka kwa Fundi Mahimbo, fundi wa magari ya wakubwa. Ekzosi ikakatwa yote, sailensa ikatupwa, likafungwa bomba pana la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Lilipotoka pale likawa linanguruma kwa sauti nzito iliyohamisha vikombe kabatini. Kila alasiri alipita mtaani kwetu akienda kukagua barabara, yaani ileile moja, akaacha moshi mweusi nyuma yake na kina mama wakisemezana malangoni. Debe tupu haliachi kuvuma, nikasema moyoni, kisha nikatoka kibarazani ili nisikie vizuri.

Hapo ndipo Mheshimiwa wangu alipoanza kuumwa. Haukuwa ugonjwa wa hospitali. Kama Waziri wa Utulivu alikuwa na mamlaka juu ya kelele zote nchini. Vilio vya misibani vilipita kwake kuombewa kibali, hata majogoo wa mjini waliwika kwa leseni. Angeweza kulifungia gari la Lugendo kwa sahihi moja tu. Lakini mwenye wivu ana hesabu zake. Kama angepiga marufuku mlio mzito, naye asingeupata kamwe.

"Lugendo akipita," aliniuliza siku moja ofisini, akijifanya kutafuta kalamu, "mke wangu anafanya nini?"

Nikamjibu kama itifaki inavyotaka, bila kupunguza wala kuongeza, kwamba Bi Sikudhani huenda dirishani.

"Anakwenda kila siku?"

"Kila anaposikia mlio, Mheshimiwa. Pazia linasogea, mkono unatokea na bangili zake."

Kalamu ilikuwa mkononi mwake muda wote. Akaiweka mezani, akaniambia kikulacho ki nguoni mwako, akimkusudia Lugendo, kisha akakaa akitazama ukuta mpaka chai yake ikapoa. Niliinywa mimi.

Muda si muda kwenye bajeti ya Wizara kikaingia kifaa cha kupimia utulivu barabarani. Kilipofika bandarini kilikuwa cheusi, kina magurudumu manne, viti viwili, na kimekaa chini kuliko cha Lugendo. Kwa kuwa hawezi kuendesha magari mawili kwa wakati mmoja, Mheshimiwa akanipa mimi gari lake la zamani kama takrima. Ni kigari cha rangi ya maziwa alichokuwa nacho tangu ukarani, kabla hata hajaoa. Kinalia kama cherehani. Nilishukuru kwa kupiga magoti, nikakumbuka kwamba hata magoti yangu yamechelewa, maana wenzangu sasa wanapigia magari ya mbio.

Fundi Mahimbo hakuwa fundi wa kawaida, na yeye mwenyewe ndiye aliyetuambia. Alivaa koti jeupe kama la daktari. Alilala chini ya gari, akaweka sikio kwenye bomba, akafumba macho, akatoka akatangaza kwamba gari lina huzuni. Nimemfahamu miaka mingi na sijawahi kumsikia akikiri kosa. Kosa likimtokea hulipa jina na kuliuza.

Alituhutubia sana siku hiyo. Alisema mlio haukai kwenye injini, unakaa kwenye njia ya moshi. Bomba jembamba linatoa sauti ya kike; bomba pana peke yake linatoa kelele za kihuni, kama la mheshimiwa fulani ambaye hatamtaja ingawa ndiye aliyelifunga. Siri, alisema, ni tumbo, yaani chemba kubwa katikati ya bomba, ambamo moshi unazunguka na kutafakari kabla ya kutoka. Mheshimiwa akauliza kama anaweza kupata tumbo kubwa kuliko yote nchini.

"Mheshimiwa, uzito wa sauti hauna mwisho," Fundi akamwambia. "Niambie unataka watu wafanye nini wakiisikia."

Shomvi alinitazama, akaitazama sakafu yenye oili. Nilidhani atasema taifa litetemeke, au Lugendo azimie. Alisema kwa sauti ya chini ambayo sijapata kuisikia tangu tukiwa darasani:

"Nataka mtu mmoja aje dirishani."

Mimi nikageuka kutazama matairi. Mtu ana ghorofa, ana cheo, ana mke mwenyewe, na bado anataka na dirisha. Wengine tumetosheka na kibaraza.

Fundi akajaribu chemba moja baada ya nyingine. Ya kwanza ililia kama ng'ombe, ya pili ikapiga mluzi, ya tatu ikatoa mlio mzuri sana ambao Mheshimiwa aliukataa kwa sababu ulifanana na wa Lugendo. Mwishowe Fundi akaenda nyuma ya gereji akarudi na kipande cha bomba kubwa la chuma, sehemu ya Mradi wa Maji wa Taifa, mradi uliozinduliwa mara nyingi kuliko mradi wowote na ambao mabomba yake hayajapata kulowa. Akasema chuma hiki ni safi, hakijaguswa na tone. Akalikata, akaliziba pande zote, akalichomelea katikati ya ekzosi kwa pembe aliyoikosea kidogo. Kisha akamwambia Mheshimiwa awashe.

Gari likakohoa mara mbili kwa kifupi. Halafu likajisafisha koo kwa kirefu, kutoka chini kabisa.

Spana ikamtoka Fundi mkononi, akasimama wima. Mimi nilikuwa nimechuchumaa. Sikumbuki jinsi nilivyonyanyuka, nakumbuka tu mikono yangu iko mapajani na macho yako mbele. Muuza kahawa aliyekuwa akipita nje akasimama na birika lake. Ndani ya gari Mheshimiwa Shomvi, Waziri wa Jamhuri, naye alijaribu kusimama kama alivyofundishwa utotoni, akagonga kichwa kwenye paa, akabaki hivyo, ameukunja mgongo, makalio yameachana na kiti, machozi yanamtoka. Tulikaa hivyo, yaani tulisimama hivyo, mpaka mkono wake ukaupata ufunguo.

Fundi Mahimbo ndiye aliyeanza kupata akili. Alisema mtindo huo unaitwa Koo la Taifa, na kwamba ameufikiria kwa muda mrefu.

Nani angeweza kulia barabarani kwa sauti kama hiyo bila kushikwa? Shomvi. Askari walioinua mkono kumsimamisha waliishia kuushusha mapajani. Tulipita mbele ya Hazina, na makarani wakasimama wote, na kwa kuwa walikuwa wamesimama tayari na hawakujua la kufanya, wakaanza kazi. Trafiki wa njia panda alimrudishia dereva wa lori alichokuwa amepokea, akamwomba radhi. Bungeni, wabunge walizinduka, wakasimama, na muswada uliokuwa umelala nao ukahesabiwa kuwa umepita kwa kauli moja. Vibarua wa Wizara ya Barabara waliokuwa wamelalia makoleo yao walisimama nayo, na shimo moja la zamani, lililokuwa na jina na lililotumika kuelekezea wageni, likafukiwa. Wazee walilia njiani. Wengine walitaka kujua kama bei ya sukari nayo inarudi.

Tulipofika kwenye njia panda ya pili tulikutana na Lugendo. Alikuwa amesimama nje ya gari lake jekundu, kofia mkononi, macho mbele, na gari lake likinguruma kwa uchungu peke yake pembeni. Shomvi alipita mbele yake polepole. Tangu siku hiyo Lugendo aliugua, wakasema ni maji ya kisima, lakini mimi naujua ugonjwa huo kwa sura.

Kuendesha gari lile kulikuwa na shida zake. Kwa kuwa liliendelea kujisafisha koo njia nzima, Mheshimiwa hakuweza kukaa. Aliendesha akiwa amesimama nusu, kichwa kwenye paa, taulo limekunjwa ndani ya kofia. Mimi pembeni yake vilevile. Mapaja yalituwaka moto. Na masikio yake yalianza kuharibika, ikawa ukizungumza naye anasema usinong'one, na ngurumo za mvua akaziita manyunyu. Lakini taifa zima lilimsimamia, naye alifurahi. Mimi niliyelala chini ya lile gari nikashika taa wakati wa kuchomelea hakuna hata mbuzi aliyenisimamia, na sikulalamika.

Lililomtesa lilikuwa moja. Kila jioni kabla jua halijatua alinivuta kando, akaniuliza kama amekuja.

"Hakuja, Mheshimiwa," nilimjibu, na huo ulikuwa ukweli. Nilikuwa namwacha apite na Kikohozi chake, mimi nimetangulia kibarazani, nimesimama kama sheria inavyotaka, macho mbele. Mbele yangu lilikuwa dirisha la Sikudhani. Pazia halikutikisika.

Akaanza kupita mbele ya nyumba yake mwenyewe mara nyingi kwa siku. Alipita kwa kasi, akapita polepole, akazima na kuwasha langoni. Mtaa mzima uliishi kwa kusimama. Watu waliacha kufua, waliacha kula. Pazia likabaki vilevile. Alikonda. Aliniambia kwamba sasa ana hakika moyo wa mkewe uko kwenye lile bomba la Lugendo, na mtu aliyeweza kulisimamisha Bunge hawezi kusogeza kitambaa cha dirishani. Nikampa pole. Pole haina gharama, na mimi siku hizo nilikuwa na furaha zangu.

Maana lilikuwepo jambo ambalo sikuulizwa. Kila niliporudi nyumbani na kile kigari changu kinacholia kama cherehani, pazia la ghorofani lilivutwa lote. Si mkono, si bangili. Alitokea Sikudhani mwenyewe, mwili mzima, akiangalia barabarani, na muda si mrefu harufu ya chai ya iliki ikavuka mpaka kibarazani kwangu. Mwanzo nilidhani ni bahati. Baadaye nilianza kwenda sokoni na kurudi bila kununua kitu, ili nipite tena. Nilishona shati. Nilijiambia moyo haulazimishwi, na kwamba kila mwenye subira hula mbivu, hata kama wengine walitangulia na tarumbeta.

Sasa mambo yalipofika Kasri ndipo yalipoharibika.

Mwendelezaji Mkuu alikuwa mezani akila samaki. Shomvi akapita nje ya lango, na Mwendelezaji, ambaye hajapata kumsimamia mtu tangu ashike madaraka, akasimama wima na mwiba mdomoni, mbele ya wapishi. Wapishi nao walikuwa wamesimama, lakini walimwona. Baraza la Mawaziri likaitwa siku hiyohiyo.

"Ndugu zangu," alisema kwa ile sauti yake, na wote tukainama mbele ili tuisikie. "Miaka yote hii mnanisimamia mkishaniona. Leo nimesimama kwa ajili ya kitu ambacho sikukiona. Nataka kujua nimemsimamia nani."

Lugendo, ingawa mgonjwa, aliinuka akapendekeza Shomvi akamatwe kwa kuiga koo la Baba wa Mwanzo. Mwanasheria wa Serikali akashauri kwa unyenyekevu kwamba aliyekohoa ni gari. Ikapendekezwa gari likamatwe; lakini kulikamata ni lazima liwashwe lipelekwe kituoni, na likiwashwa polisi watasimama. Ikapendekezwa mlio upigwe marufuku. Mwanasheria akauliza, kwa unyenyekevu zaidi, ni nani atakayetia sahihi waraka unaopiga marufuku Kikohozi cha Baba wa Mwanzo. Mawaziri wote wakakumbuka kwamba wamesahau miwani.

Mwisho ikaamuliwa kwa busara. Kikohozi kitastaafishwa kwa heshima zote. Gari litakabidhiwa Kasri kesho yake asubuhi, likapumzike kwenye banda lenye zulia, na bomba lake lijazwe saruji ili lisipate baridi. Mheshimiwa Shomvi atapewa nishani ya kifua. Mwendelezaji akashukuru kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa. Nilimwona anavyolitazama lile gari kupitia dirishani, mtu mwenye nchi nzima, akilionea wivu koo la maiti. Nilimhurumia, maana mimi siujui wivu lakini najua sura yake.

Tukatoka. Alasiri ilikuwa bado na jua. Shomvi akasema hii ndiyo safari ya mwisho na leo hataniuliza mimi, ataingia ndani aone mwenyewe kwa nini haji dirishani. Tukasimama nusu ndani ya gari kwa mara ya mwisho, likakohoa mjini kote, mpaka langoni kwake. Akazima. Tukapanda ngazi mbio, mapaja yakitutetemeka.

Sikudhani alikuwa katikati ya sebule. Alikuwa amesimama wima, mikono mapajani, macho mbele. Mwiko ulikuwa umeanguka miguuni pake. Jikoni kitu kilikuwa kinaungua na moshi umeanza kutambaa darini. Alituona tumeingia na hakugeuza shingo.

"Limekwisha?" akauliza. "Nikae?"

Nishani ilikuwa bado haijatolewa, lakini nilimwona Shomvi akishika kifua.

"Mama Tunu," alimwambia, "kumbe ulikuwa unasimama."

"Kila mnapopita nasimama. Ningefanyaje, Baba Tunu? Mimi si raia?" Akakaa taratibu, akajisugua magoti. "Sijaivisha chakula tangu ulifunge hilo bomba."

"Na Lugendo? Lugendo akipita unakwenda dirishani."

"Nakwenda kulifunga. Moshi wake unaingia kwenye nguo nilizopiga pasi."

Hapo Shomvi akanigeukia. Nikamweleza kwa utulivu kwamba ndivyo hasa. Dirisha lilifungwa kila siku mbele ya macho yangu. Yeye aliniuliza kama mkewe anakwenda dirishani, nikamjibu kwamba anakwenda. Habari za dirisha lenyewe hakuniuliza, na afisa itifaki hajibu asiloulizwa.

Hakunikaripia. Sidhani hata kama alinisikia. Alikuwa amekaa sakafuni karibu na mkewe, Waziri mzima, akiuokota mwiko.

"Nilitaka uje dirishani kwa ajili yangu," akamwambia.

Sikudhani akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka.

"Nilikuja miaka yote. Kile kigari chako cha zamani nilikuwa nakijua tangu kikiwa mbali, kinajikongoja na kelele zake za cherehani. Nikikisikia nakimbilia dirishani, nikikuona naweka chai. Ulikuta chai baridi lini katika nyumba hii? Mpaka leo shemeji akipita nacho nakurupuka nikidhani ni wewe. Nafungua pazia lote, naona ni shemeji. Na chai nimeshaiweka."

Nilikuwa nimevaa lile shati jipya. Hakuna aliyeliona. Shomvi alikuwa anamtazama mkewe, na mkewe anamtazama yeye, na mimi nikaenda jikoni kutoa sufuria lililoungua, kwa sababu mtu fulani lazima afanye kazi katika nchi hii.

Nilipokuwa natoka Shomvi alinifuata mlangoni. Uso wake ulikuwa umerudi kuwa uso wa dawatini.

"Nirudishie kigari changu," akasema. "Nakuomba. Kesho jioni nataka nirudi nyumbani nacho."

Nikamwambia hakuna shida, Mheshimiwa, mali ni yako.

Asubuhi gari jeusi likaenda Kasri, likakohoa mara ya mwisho, taifa likasimama mara ya mwisho, saruji ikamiminwa. Hadi mchana makarani wa Hazina walikuwa wamekaa. Shimo la zamani lilianza kujirudia baada ya mvua ya kwanza, na wageni wakaweza tena kuelekezwa.

Nami nilikuwa na shughuli zangu. Si adabu kumrudishia Waziri gari katika hali ya aibu. Mtu aliyesimamiwa na Bunge hawezi kuonekana barabarani na kitu kinacholia kama cherehani. Watu watasema afisa itifaki wake hakumshauri. Kwa hiyo nilikipeleka kile kigari kwa Fundi Mahimbo, kwa mapenzi tu. Fundi alilala chini yake, akaweka sikio, akasema kina unyenyekevu uliopitiliza. Sailensa ikatupwa. Likafungwa bomba pana la kuingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, na chemba ndogo, ile ya tatu, iliyokataliwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame, nami niliinama, nikashika taa.

Nilimkabidhi Mheshimiwa ufunguo jioni, ofisini. Akawasha mwenyewe. Kigari kikanguruma mpaka vioo vya Wizara vikatikisika. Masikio yake, baada ya kuishi na Kikohozi, yalikuwa hayabagui tena. Aliinamisha kichwa akasikiliza, akatabasamu, akasema hakijabadilika hata kidogo. Akanunua maua njiani. Mimi nikatangulia kwa miguu, njia ya mkato, nikakaa kibarazani kwangu.

Nikakisikia kinakuja tangu mbali, kizito, na moshi mweusi nyuma yake. Ghorofani pazia likasogea. Mkono ukatokea na bangili zake, dirisha likafungwa, na harufu ya iliki sikuisikia.

Shomvi akasimamisha gari katikati ya barabara, akateremsha kioo. Alikuwa ameshika maua na uso wake unang'aa. Alikuwa anatazama mbele kwa ajili ya lango, hakuwahi kuangalia juu.

"Amekuja dirishani?" akaniuliza.

"Amekuja, Mheshimiwa," nikamjibu.